Jora la Zabibu

Tulikuwa tukilinunua jora zima
pale Mabela, duka lililopakana na kinyozi:
nailoni nyembamba, imechapwa mashada ya zabibu.
Ijumaa, wanaume wakirudi kuswali,
naikata kwa meno, naitandaza sebuleni,
sinia la wali katikati,
na chupa ndogo za maji, kila mtu na yake,
na kila mtu aisahau aliyoianza, afungue nyingine.

Tukishiba, kazi ilikuwa nyepesi:
unashika pembe nne,
mifupa, maganda ya ndizi, achari, chupa zilizobaki nusu,
unakusanya, unapiga fundo,
Alhamdulillahi,
hakuna cha kuosha, hakuna doa la kusugua.
Mume wangu Mundhir fundo hilo aliliita mtoto.
"Haya, mtoeni mtoto nje."
Na watoto wa kweli wanacheka,
wanambeba hadi kwenye pipa la mtaa.

Waliosema haba na haba hujaza kibaba
hawakuliona pipa letu Ijumaa saa tisa.

Mwezi wa Machi ukavuma upepo siku mbili,
mchanga ukaingia hadi ndani ya kopo la chumvi.
Siku ya tatu nikashuka kwenye wadi
kumtafuta paka wa Muzna,
nikaukuta mkunazi wa chini ya daraja
umevaa.
Mifuko ya mkate, mifuko ya duka la dawa,
inapiga makofi pasipo harusi.
Na kwenye tawi, kimo cha mkono wangu,
zabibu.

Nikajisemea, zabibu hizi wananunua wengi.
Kisha nikaliona doa la bizari,
na pembeni yake pale Muzna alipochora kwa kalamu
paka mwenye miguu sita.

Chini alisimama mbuzi,
mbuzi wa watu, ana kibati cha namba sikioni,
anatafuna taratibu kama anayekumbuka jambo.
Harufu ya samli yangu ndiyo iliyomwita.
Nikashika ncha iliyokuwa nje ya mdomo,
nikavuta.
Akanitazama.
Ikatoka pima moja, ikatoka na nusu,
ina joto, imelowa,
zabibu zake zote nzima.

Sikumwambia mtu.
Ijumaa iliyofuata nikapanda kiti,
nikakishusha juu ya kabati kitanga cha ukindu
alichokuja nacho mama mkwe kutoka Wete,
na kawa lake, rangi imepauka, vumbi la miaka.
Mundhir akauliza, "Nani ataosha?"
"Mtoto ana pembe nne," nikamjibu, "moja ni yako."
Bi Shinuna hakunisifu.
Alikigeuza kitanga, akasema kimepinda.
Akasema, "Nailoni ya kwanza nyumba hii niliinunua mimi.
Mgongo ulikuwa ukiniuma."

Hakusema uongo.
Kitanga kinakunywa samli kama mtoto wa jirani,
nakisugua uani kwa ndimu na chumvi,
nikiinuka nashika ukuta.
Jagi lipo, glasi zilikuwa sita, sasa ni nne.
Wali uliobaki unalala chini ya kawa
na asubuhi haujachacha.
Lakini akija mgeni
Mundhir hutoa katoni ya chupa chini ya ngazi;
anaona haya kumpa mtu maji ya jagi.
Hapo bado hajanisikia.

Na lile jora, limebaki nusu,
limeegemea nyuma ya mlango wa jiko.
Juzi Muzna alisema, "Mama, si tulitupe tu?"
Nikalichukua, nikafungua mlango.
Nikatazama mkono wa kushoto: pipa.
Nikatazama mkono wa kulia: wadi.
Nikalirudisha mahali pake,
zabibu zikitazama ukutani.